Kofia Isiyokijua Kichwa

Chumba cha juu,
Nyumba ya karakana ya friji,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Kuna mlio ambao umekataa kunitoka masikioni. Ni mlio wa kifungo cha plastiki kinapoingia mahali pake. Kikiingia sawasawa hulia mara mbili, ta-ta, kama mtu anayegonga mlango kwa heshima. Kisipoingia sawasawa hulia ta, basi, kimya. Kwa miezi mingi nimekuwa nikiusikia huo mlio mmoja nyuma ya kichwa cha mwanao, na leo nimekaa kukuandikia kwa sababu yake.

Nisamehe, nimeanza na kelele kabla ya salamu. Mama angeniona angeninyang'anya kalamu. Shikamoo, Shangazi. Hujambo? Mgongo je, bado unakuuma ukimaliza zamu, au wodini wamekupunguzia kazi ya kuinua wagonjwa? Na baridi ya huko? Ulisema umenunua koti linalokufanya uonekane kama godoro lililosimama wima. Tunaisubiri picha.

Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo, anasema ni vumbi, na ukimtajia daktari anaacha kukohoa papo hapo. Baba, yaani kaka yako, ni yule yule, mikono imejaa grisi na mdomo umejaa utani. Mwanao ni mzima, anakula vizuri, na viatu ulivyomtumia vimeshaanza kumbana. Nalitaja hili mapema ili usisome barua yote moyo ukiwa juu. Hajaumia, hajafukuzwa popote, wala hana kesi na mtu.

Ningekupigia simu, lakini unazijua simu za nyumba hii. Baba husimama nyuma ya bega langu akisema "mpe salamu, mpe salamu," kisha anaichukua mwenyewe, mnacheka, mtandao unakata. Jambo hili linahitaji nafasi ya kujinyoosha. Nimeona heri karatasi. Tena karatasi ina wema mmoja ambao nimejifunza kuuthamini mwaka huu. Haiyatazami macho yako wakati unaisoma.

Nilikuambia kwamba nimepata kazi kwenye kituo cha mazoezi ya soka, baada ya kumaliza shahada ya takwimu na kuchoka kuulizwa takwimu ni ugonjwa gani. Kazi yenyewe sikuwahi kukueleza vizuri. Kuna chumba kikubwa kitupu, sakafu ya mpira, kuta za kijivu. Mchezaji anavaa kofia nzito inayofunika macho, na ndani yake anaona uwanja mzima, na nyasi, na watazamaji, na mshambuliaji anayemjia. Wataalamu wanauita uhalisia pepe. Sisi tunasema "kofia" tu. Kazi yangu ni kuwavisha, kufunga mkanda kisogoni, kuwasha mtambo, kisha kusoma namba zinazotoka.

Usidhani naisema vibaya. Mvua ikinyesha wiki nzima, vijana wetu hawakosi mazoezi. Kipa anaweza kupigiwa penalti asubuhi nzima asitoke na jeraha hata moja. Binti yako aliipenda tangu siku ya kwanza. Unajua wenzake wanamwita Sumaku, kwa sababu mpira ukikaribia glavu zake ni kama hauna pengine pa kwenda. Ndani ya kofia alikuwa akicheka peke yake katikati ya chumba kitupu, akirukia mipira ambayo sisi hatuioni, na mimi nilikuwa nasimama pembeni nikiona fahari kana kwamba nimemzaa mimi.

Lakini kofia haihesabu mabao tu, Shangazi. Inaandika kichwa kimegeuka lini, jicho limetazama wapi, mboni imepanuka kiasi gani, moyo umepiga vipi, pumzi imekatikia wapi. Vyote hivyo huenda kwa kampuni iliyotengeneza kofia, vinapikwa huko na mitambo bila mtu kuvifungua, vinarudi vikiwa alama. Na alama hiyo inamfuata mchezaji kwenye kila kituo chenye kofia kama zetu. Akihama mji, inamtangulia.

Siku ya kuandikisha, kila mzazi au mlezi alipewa kishikwambi asome masharti, na mwisho wa masharti lilikuwepo neno "Nakubali". Kwa ajili ya Sumaku alikwenda Baba, kwa kuwa wewe uko mbali. Nilimtazama. Aliyateremsha maandishi kwa kidole upesi upesi kama mtu anayetafuta ncha ya kamba, akabonyeza, akaniuliza kama hapo kituoni wanatoa chai. Simcheki. Wazazi wote walifanya hivyo hivyo, na mimi niliyekuwa nimewashikia kishikwambi sikuwa nimeyasoma masharti yote hadi mwisho.

Basi, wateuzi wa timu ya vijana walituma ujumbe kwamba safari hii hawatazunguka viwanjani kumtazama kila mtoto. Kila kituo kiwapelekee majina ya wale ambao alama zao za kofia zimevuka mstari waliouweka. Sisi sote tulijua jina la kwanza litakuwa la nani.

Halikuwemo kabisa. Alama za Sumaku ziliangukia chini ya mstari, na mbele ya jina lake mtambo ulikuwa umeandika: Huchelewa kugeuka kushoto.

Kocha ndiye aliyewasomea matokeo. Ni mwanamume mwenye sauti ya king'ora na kichwa kisicho na unywele hata mmoja, na ndiye aliyemfundisha Sumaku kusimama golini tangu akiwa hafikii hata nusu ya nguzo ya goli. Nilidhani atashangaa. Alishangaa, nakiri, lakini kidogo tu.

"Kushoto umelala, mama," alimwambia. "Mimi sina la kufanya. Namba haina shangazi wala mjomba."

"Sumaku imeisha chaji!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Sumaku haina chaji, mjinga wewe."

"Basi imeshika kutu!"

Wakacheka, na Sumaku akacheka kuwashinda wote. Kicheko kile sikukipenda. Wewe mama yake ungekitambua mara moja. Ni kile cha kuwahi kabla hujachekwa.

Kilichoniuma zaidi ni Kocha. Kwa miaka mingi amemwona mtoto huyu akiruka kushoto na kurudi na mpira kifuani. Ameona kwa macho yake mawili. Namba ilipomwambia vingine, aliyaweka macho yake mfukoni kama miwani ya mtu aliyemaliza kusoma gazeti. Nilijiuliza ni mambo mangapi mimi pia nimeacha kuyaona tangu nilipojifunza kuhesabu.

Wiki iliyofuata Sumaku alikuja na nywele mpya. Siku zote yeye husuka rasta nene akazifunga fundo kubwa kisogoni, upande wa kulia. Safari hii msusi alikuwa amemsuka mistari myembamba iliyolala kichwani. Nikamvisha kofia kama kawaida, nikavuta mkanda, nikabonyeza kifungo.

Ta-ta.

Nilisimama na mkono hewani. Nilikuwa nimeuzoea mlio mmoja kwake hivi kwamba huo wa pili ulinishtua kama mtu amenigusa bega. Na alipomaliza zamu yake nikatazama namba. Kushoto kwake kulikuwa sawa na kulia kwake, ingawa alama yenyewe, ambayo ni wastani wa miezi yote, haikuvuka mstari.

Nikazifungua alama za wengine. Karibu wote walioangukia chini ya mstari ni wale wenye nywele za kufunga nyuma. Na hapo nikaelewa jambo dogo hata linatia aibu. Kofia hukaa juu ya fundo la nywele, mkanda hauingii hadi mwisho, kifungo kinalia mara moja. Sumaku akigeuza kichwa kushoto, fundo lake linaishikilia kofia kidogo, ndipo linaiachia. Kichwa kimeshafika, kofia iko njiani. Mtambo haupimi kichwa, unapima kofia. Hiyo kofia haikijui kichwa kilichomo ndani yake.

Na nani aliijaribu kofia siku ilipoletwa, akatuambia inafaa watu wote? Kocha. Aliivaa juu ya upara wake, ikalia ta-ta, akasema, "Imekaa kama imezaliwa hapa."

Lakini siku moja nzuri si ushahidi. Pengine aliamka vizuri tu. Nilihitaji kichwa ambacho kinaweza kuwa na fundo na kisiwe nalo, na mimi, kama unavyojua, nimenyoa. Nikachukua soksi zangu nzito, nikazikunja, nikazifunga kwa kitambaa kisogoni upande wa kulia, nikavaa kofia, nikaanza kudaka. Mimi si kipa, Shangazi. Mimi ni mtu ambaye akirushiwa funguo huzikwepa. Nilifungwa mabao ya kila aina. Ila bila soksi nilikuwa mbovu pande zote mbili sawasawa, na nikiwa na soksi nilizidi kuwa mbovu kushoto. Nikarudia, nikarudia tena. Baba alinikuta hapo, alikuja kutengeneza friji ya kantini ya kituo.

"Mwanangu," nikamsikia, "unapigana na nani?"

"Nadaka penalti, Baba. Subiri."

"Na kisogoni?"

"Soksi. Soksi ndiyo utafiti."

Alikaa kwenye benchi. "Miaka yote ile shuleni," akasema taratibu. "Ungeniambia kwamba mwisho wake ni soksi, ningekununulia tangu darasa la kwanza."

Hadi leo akikutana na watu barabarani anawaambia binti yake ni daktari wa soksi.

Nilimvisha na Kocha pia. Alikubali kwa shingo upande, akacheza akiwa na soksi, akatazama alama zake, akavua kofia akaigeuzageuza mikononi. "Kushoto nimelala," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Kisha akasema sheria ya mstari si yake, ni ya wateuzi, na wateuzi wanaisikiliza kampuni.

Meneja wa kituo ni mtu mpole, wa tai hata siku za joto. Aliisikiliza hoja yangu, akaandikia kampuni. Jibu lilikuja upesi na kwa lugha laini. Walisema wako tayari kukagua upya alama za mchezaji, iwapo familia itawaruhusu kufungua rekodi zake zote. Si kugeuka kichwa tu. Macho, mapigo ya moyo, pumzi, kila kilichoandikwa tangu siku ya kwanza. Wahandisi wao watazitazama, na baada ya hapo rekodi zitabaki kwao "kwa ajili ya kuboresha huduma". Hazikutajwa siku za mwisho wala watu watakaoziona. Nusu ya rekodi hawaitaki.

"Fungueni tu," Kocha akasema. "Mtoto wa miaka kumi na sita ana nini cha kuficha?"

Nami nilifurahi, Shangazi. Nilijiona nimeshinda. Nikakaa kuziandaa rekodi za Sumaku ili ziwe tayari kufunguliwa, na kwa mara ya kwanza nikazitazama zenyewe, si jumla yake, si alama, bali kila mruko na jicho lake. Hapo ndipo nilipoona nisichotafuta.

Aya inayofuata Sumaku ameisoma mwenyewe kabla sijaifunga bahasha. Amekubali uijue wewe, si mwingine. Baba hajui, Kocha hajui. Sentensi moja ameifuta kwa kalamu nyeusi. Tafadhali usiinyanyue karatasi kwenye taa kujaribu kuisoma. Nimemwahidi kwa niaba yako.

Tangu ule mpira uliomvunja pua mwaka juzi, mpira ukimjia usoni yeye hufumba macho. Ni kufumba kudogo mno, mtu aliyesimama kando hawezi kugundua. Mikono inajua njia na inadaka, lakini yeye kwa nukta hiyo yuko gizani. Hakumwambia mtu. Kila asubuhi, tunapodhani anapiga mpira kwenye ukuta wa karakana ili kujifurahisha, anajifundisha kuyaacha macho wazi. Na anaweza. Rekodi zinaonyesha mwezi baada ya mwezi anafumba mara chache zaidi. ▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬ Sasa amebakiza kidogo.

Nilijisikia kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake anaoga. Wala sikuwa nimechungulia. Kazi yangu ndiyo iliyonipa ufunguo. Nikakukumbuka wewe. Nilipokuwa mdogo, ulinichukua siku moja wodini kwako, na kila nilipopita karibu na meza yako uliyalaza mafaili ya wagonjwa kifudifudi. Nikakuambia, "Shangazi, mimi sijui kusoma." Ukanijibu, "Mgonjwa hajui kama hujui." Sikukuelewa. Nimeelewa mwaka huu, nikiwa na shahada.

Nikamwambia Sumaku nilichokiona, kwa kuwa kukijua na kukaa nacho kimya kungekuwa kuiba mara ya pili. Alikasirika. Alikasirika kwa namna ya kwenu, bila kelele. Akaacha kusema nami moja kwa moja.

"Mjomba," mezani, "mwambie dada apitishe chumvi."

"Si huyo hapo karibu yako? Mwambie mwenyewe."

"Mjomba, mwambie nimesema naomba."

"Mama yangu wee," Baba akasema akinipitishia macho, "nimekuwa simu ya mezani."

Siku ile ile Baba, ambaye hakujua kisa chenyewe ila alijua kuna ruhusa inatakiwa, alijaribu kusuluhisha. Alisema yeye haoni tatizo, wafungue, mtu safi hana wasiwasi. Sumaku akamtazama.

"Mjomba, wewe ukioga mbona unafunga mlango?"

Chai ilimtoka Baba puani. Mama naye, aliyekuwa amejizuia tangu mwanzo wa chakula, akaanza kucheka hadi kikohozi kikamrudia. Na Sumaku akanipa chumvi kwa mkono wake mwenyewe, ingawa nilikuwa sihitaji.

Alasiri alinifuata kwenye ngazi nilipokuwa nafua, akiwa na glavu zake ndani ya ndoo.

"Dada, ni kweli hawawezi kupewa kichwa bila macho?"

"Wamekataa nusu."

"Basi wasipate."

"Jina lako halitakwenda kwa wateuzi."

"Najua." Akakamua glavu moja hadi ikalia. "Rekodi ikimfikia mshambuliaji mmoja tu, nitapigwa mipira ya usoni hadi nizeeke. Na hata nikiacha kufumba, yenyewe itaendelea kusema nafumba. Mimi nitabadilika, yenyewe haibadiliki."

Nimesoma vitabu vinene kuhusu taarifa za watu na haki zao. Hakuna ukurasa ulioniingia kama maneno hayo ya ngazini. Mtambo umemkosea kwa kumwandikia asichonacho, kuchelewa. Na ili kusahihisha kosa lao, wanadai awakabidhi alichonacho kweli, hofu yake, ambayo anakaribia kuimaliza peke yake. Yaani atendewe haki kwa sharti la kuvuliwa nguo.

Sasa nikuambie na upande wangu, maana ningekuwa nimekuficha. Rekodi za Sumaku ndizo zilizokuwa ushahidi wangu mzuri kuliko wote. Mchezaji yule yule, fundo na bila fundo, kushoto kunachelewa na kushoto kunawahi. Kwa rekodi hizo ningewasimamia wasichana wote wenye nywele nyuma, hapa na kwingineko, na hakuna ambaye angenibishia. Niliwaza hivyo siku kadhaa. Nilijiambia ni mmoja kwa ajili ya wengi, tena mmoja ambaye hangeumia sana. Mimi napenda namba ishinde, Shangazi, unanijua. Nilikuwa najenga hoja nzuri sana kichwani, hoja yenye kila kitu isipokuwa ruhusa ya mwenye macho.

Kisha nikiwa napanga nguo kavu nikaziona zile soksi.

Lakini kabla sijafika huko nikamilishe salamu, nisije nikasahau. Mama anakusalimu sana, anasema usibebe wagonjwa peke yako. Baba anakusalimu na anauliza kama friji za huko hazihitaji fundi. Bibi anakubariki, ametaka nikuandikie kwamba meno yake mapya yamekaa vizuri na sasa anatafuna mahindi kwa maringo. Dada mkubwa amejifungua salama, mtoto ana paji la uso lako, pole yake. Nifikishie salamu kwa yule mwuguzi mwenzako mnayeshirikiana naye chumba, aliyenitumia kitambaa. Mwambie ndicho nilichofungia soksi, na kimeingia kwenye historia.

Sasa nimalize. Alhamisi tulikwenda kituoni watatu, Baba, Sumaku na mimi. Najua ungetaka kuulizwa kwanza. Barua isingewahi, na simuni lisingesemeka, Baba akiwa nyuma ya bega langu, na yalikuwa mambo ambayo Sumaku hakutaka mjomba wake ayasikie. Ukiona tumekosea, nilaumu mimi, si yeye wala kaka yako.

Baba alikwenda kuiondoa ile "Nakubali" yake. Safari hii alivaa miwani. Alisoma kila mstari kwa sauti, akasimama kwenye kila neno asilolijua na kumwuliza Meneja maana yake, na mengine Meneja mwenyewe hakuyajua, ikabidi Baba aletewe kiti. Walipomaliza, skrini ikauliza kama rekodi zote zifutwe, ikatuonya kwamba hazitarudi. Zote maana yake ni zote, hata mipira mizuri aliyodaka, hata ile ta-ta yangu. Bila rekodi hakuna alama, na bila alama jina halipelekwi.

Baba akanyoosha kidole.

"Mjomba," Sumaku akasema, "naomba mimi."

Akabonyeza yeye. Hakuna aliyembonyezea. Kampuni imetuandikia kwamba wamefuta na huko kwao pia. Kama ni kweli sina njia ya kujua, na hilo nitaishi nalo. Ijumaa majina yalikwenda kwa wateuzi bila lake. Alilia, sikufichi, alilia vizuri akamaliza. Jana asubuhi nilimsikia tena ukutani kwa karakana, mpira ukigonga, na Kocha aliyekuwa amepita "kusalimia tu" akimpigia wa usoni, polepole, kwa sababu mwenyewe alimwomba ampigie huko. Hakumwambia kwa nini.

Na mimi, Alhamisi hiyo hiyo, nilikaa kwenye kiti alichoacha Baba. Nikaandika jina langu, nikaipa kampuni ruhusa ya kufungua rekodi zangu mimi, zote, na soksi na bila soksi: macho yangu yanayokimbia mpira, moyo wangu unaodunda kama wa sungura, mabao yote niliyofungwa. Ni ushahidi dhaifu kuliko wake, na watu nisiowajua watanicheka. Lakini rekodi hizi ni zangu kuzitoa. Kisha nikamwambia Meneja kwamba kuanzia siku hiyo, kofia ikilia ta moja kisogoni kwa mtu, sitaiwasha. Atafute mkanda mwingine au mfungaji mwingine. Jana wameingia wachezaji wawili wenye mafundo. Sikuiwasha.

Mungu akulinde njiani uendako kazini na urudipo, akupe usingizi na mgongo usiouma.

Ni mimi akupendaye, binti wa kaka yako,
Daktari wa soksi.